Mwalimu Mwanaamina Hamalizi Picha

Dukani kwangu, pale sokoni Kasulu, kiroba cha sukari kikiisha hakikai. Nikigeuka tu kumpimia mtu mchele, kimekwenda. Si wezi. Ni dada yangu Mwanaamina, mwalimu wa darasa la kwanza, kifungua mimba wa mzee Saady, ambaye tangu nimjue hajawahi kuomba kiroba wala kukirudisha. Hukifumua mshono, hukifua kwenye karai langu, hukianika juu ya mabati yangu, na kikishuka huko kinakuwa picha. Nilishapiga kelele mpaka nikachoka.

"Firda," huniambia, "sukari umeshauza. Kiroba ulitaka ukifanyie nini, ukivae?"

Basi acheni nimseme kidogo, maana hapa Kasulu watu wanamjua kwa picha zake, na kule Titye wanamjua kwa walimu aliowalea, lakini ukaidi wake naujua mimi peke yangu. Nimelala naye kitanda kimoja miaka mingi, na blanketi lilikuwa lake.

Baba yetu alikuja huku kutoka Pangani na mzigo wa khanga. Alisema anakaa msimu mmoja, auze, arudi. Akaoa, akafungua duka, na msimu haukuisha mpaka tulipomzika. Sisi tukazaliwa mjini. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Kiha chetu kilikuwa cha dukani tu: kilo, nusu kilo, karibu tena. Kwa hiyo Mwanaamina alipomaliza chuo cha ualimu akapangiwa Gwarama, enzi hizo Gwarama bado ikiwa wilaya ya Kibondo, alikwenda na Kiha cha kupimia sukari na sanduku la bati. Mama alilia. Mimi sikulia, nilipata kitanda.

Kule Gwarama alikutana na kimya. Aliingia darasani, akafungua kitabu, akauliza, "Hii ni nini?" Watoto wakamtazama kwa heshima. Akauliza tena. Wakamtazama kwa heshima zaidi. Kitabu kilikuwa na meli na treni, kwa Kiswahili ambacho nyumbani kwao hakuna aliyekisema, na juu ya hayo mtoto wa Kiha amefundwa asiropoke mbele ya mkubwa. Mkubwa akinena, wewe sikiliza. Walikuwa wanamsikiliza vizuri mno. Aliniandikia kwamba adabu ya watoto wale itamtoa roho, na kwamba amekwisha kufunga sanduku.

Kilichomwokoa ni ujinga wake. Siku moja alichoka na kitabu, akachukua chaki, akachora ng'ombe. Sasa dada yangu ni mtoto wa duka; ng'ombe alimjua akiwa buchani. Akamchora na vipembe vifupi vya mbuzi. Watoto wakaguna. Wakatazamana. Ng'ombe kwao ni mali, ni mahari, ni jina la mtu mbele ya watu, na pembe zake ni ndefu hizo mpaka unaogopa kupita mlangoni naye. Mmoja akashindwa kuvumilia, akasimama akapiga kelele, "Oya!", yaani hapana. Basi likawa soko. Huyu anaonyesha pembe kwa mikono, yule anakuja ubaoni kunyang'anya chaki, wote wanamfundisha mwalimu kwa Kiha, na mwalimu anawarudishia kwa Kiswahili: pembe, ndefu, mkia, ndama, maziwa. Kufikia mchana walikuwa na maneno mengi kuliko kitabu kilivyowapa tangu Januari.

Tangu siku ile hajamaliza picha. Nyumba anaichora bila mlango, jembe bila mpini, mama amebeba mtoto mgongoni na mbeleko haipo. Kisha anasimama pembeni na uso wa mtu asiyejua kitu, anasubiri. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Dada yangu alilirudia kila Jumatatu na serikali ikamlipa mshahara.

Ubao ukawa mdogo, ndipo akaanza kuchora kwenye viroba. Anavishona viwili vitatu pamoja, anavipaka uji mzito wa muhogo ili rangi ishike, halafu anapaka udongo. Udongo wa nchi hii ni mwekundu wa kila namna, na anajua mteremko upi una upi. Nyeusi ni masizi ya sufuria zangu. Kijani anakamua majani. Bluu ilimshinda miaka, mpaka siku nilipotafuta buluu ya kufulia dukani nikakuta kasha tupu, na mbinguni kwenye picha zake kumependeza.

Wageni wanaokuja mjini na miradi yao wamezipenda picha zile. Mmoja alitaka kununua moja kubwa ya soko, lakini akauliza kwa upole kama mwalimu angeweza kumalizia yule mwanamke ambaye hana kichwa chini ya mzigo wake. Dada akamwambia, "Nenda ukaitundike kwenu. Wanao watakuambia kilichopungua." Mgeni akaondoka nayo akicheka. Mimi niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Baadaye alihamishiwa Titye, karibu na nyumbani, na huko ndiko alikoanza kuletewa walimu wapya. Hakuomba. Mwalimu mkuu, Bwana Nkunzimana, mtu mpole mwenye uchovu wa kudumu, aliona kwamba kijana akikaa na Mwanaamina muhula mmoja hakimbii, akaona afadhali amkabidhi wote. Nao wote wakaishia mezani kwangu Jumamosi, wakila wali wangu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Wanaosema hivyo hawajamlisha mwalimu wa ajira mpya.

Utaratibu wake ni mmoja. Mwalimu mpya hapewi chaki wiki ya kwanza. Anakaa na watoto kwenye dawati lao, magoti yakimfika masikioni, na watoto wanapokwenda kuchimba udongo wa rangi anakwenda nao, anabeba ndoo. Wengine wanakasirika. Khatibu, kijana wa Mkuranga, aliamkiwa na watoto siku ya kwanza: wakachuchumaa, wakapiga makofi polepole kama Waha wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu. Yeye akadhani wanamzomea. Akatoka darasani na begi lake, akafika barabarani, akasimamisha lori. Dada alimfuata mbio na khanga mkononi, akamrudisha. Leo Khatibu ni mwalimu mkuu huko Kibondo, na ukimwamkia bila kupiga makofi anakuuliza umelelewa wapi.

Wamepita wengi namna hiyo. Mimi nawapenda, ingawa sijawahi kuwaambia. Lakini huyu wa mwisho, Anania, alinikera tangu alipotia mguu dukani.

Anania Ntirampeba alikuwa Muha wa Kibondo mjini, mtoto wa karani, shati jeupe, kola imenyooka. Chuoni alikuwa wa kwanza kwenye hisabati, na alitarajia darasa la saba. Alipewa la kwanza kwa sababu mwaka ule ule, Desemba, dada yangu alikuwa anatimiza sitini na kustaafu. Nkunzimana hakuwa na mtu mwingine. Walimu wake wote walikuwa na vipindi juu ya vipindi, na alishasema wazi: asipopatikana wa kushika darasa la kwanza, atalichanganya na la pili chumba kimoja, mwalimu mmoja. Watoto zaidi ya mia, nusu yao Kiswahili hawakijui.

"Wataimba tu," Mwanaamina aliniambia. "Mwalimu atasema a, wao watasema a. Mpaka la tatu, la nne, wanaimba, na hakuna hata mmoja atakayesema neno lake mwenyewe." Sijawahi kumwona na hofu. Mwaka ule nilimwona. Kila jambo lililomhusu Anania likawa la kufa na kupona.

Naye Anania hakutaka. Alikuwa na adabu zote, "Ndiyo Mwalimu, sawa Mwalimu," lakini alishaandika kuomba uhamisho arudi Kibondo, na hakuficha. Darasa la kwanza kwake lilikuwa adhabu. Alibeba ndoo ya udongo ameishika mbali na shati.

Ila mkono wake! Hilo nalikubali hata mimi. Alipopewa brashi, mbuzi aliyemchora alitaka kulia. Dada akafurahi, akadhani amepata dawa.

Mwezi wa saba tulifiwa Kibondo, shangazi yetu, tukaenda msibani siku nne. Jumatatu ya kurudi, wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kutazama hilo darasa lenye sifa. Mwanaamina alifika alfajiri, akaingia moja kwa moja. Wageni wakakaa nyuma kwenye viti vya ofisini. Akakunjua kiroba cha kwanza, akakitundika, akasimama pembeni na ule uso wake wa kutojua kitu. "Hii ni nini?"

"Ng'ombe," wakasema watoto, pamoja, kwa adabu.

Akasubiri. Hawakuongeza. Akageuka kutazama. Ng'ombe alikuwa na mkia. Alikuwa na pembe zote mbili, ndefu, zimepinda barabara, na kengele shingoni. Akatundika cha pili. Nyumba ilikuwa na mlango, mlango una kitasa. Jembe lina mpini. Mwanamke wa picha nyingine ya soko amepata kichwa, na masikioni hereni. Anania alikuwa amekaa Jumamosi na Jumapili nzima kumaliza picha zote, kwa mapenzi, ili mama wa watu asiaibike mbele ya wageni.

Darasa likawa limelala. Hakukuwa na la kubisha. Wageni waliandika wakaondoka, wakisema ni watoto watulivu sana. Mwanaamina alikuja dukani jioni ile, akakaa juu ya gunia la maharage, hakula. Alikuwa na hasira, tena hasira kali, na aliisema. "Miezi saba nimekaa naye. Hajaelewa hata kidogo nafanya nini pale. Anafikiri mimi ni mzee niliyesahau mkia."

Nikamwambia amwache kijana aende kwao. Akanifokea mimi.

Kesho yake Anania alikuja na dumu dogo la asali, asali ya Kibondo, mama yake anafuga nyuki. Alisimama mlangoni akachuchumaa, akapiga makofi, akaniamkia kwa Kiha kwa jina la mwanangu, "Mwakeye, Mama Dadi. Mwalimu yupo?" Hapo nilimwonea huruma, maana macho yalikuwa mekundu.

Dada alitoka uani mikono imejaa udongo. Hakumkaribisha kiti.

"Mwanangu, kwa nini ulizimaliza?"

"Nilidhani muda umekubana, Mwalimu. Nilitaka wageni waone kazi nzuri."

"Na hiyo miezi saba, ulipoona watoto wanapiga kelele, ulidhani nini?"

Anania akainama. "Nilidhani wanakucheka, Mwalimu. Nilikuwa naona vibaya. Mimi mtu mzima siwezi kusimama mbele ya watoto nikakosea. Kwetu ukikosa hesabu moja, Baba hali na wewe."

Nilimwona dada akilegea. Akamnawisha mikono kama mtoto, akamketisha. "Basi ndiyo kazi yenyewe," akamwambia. "Kusema 'mimi mkubwa sijui, nisaidieni.' Kuchora unajua kuliko mimi. Hilo ndilo hujui." Asali tulikula, ilikuwa nzuri, lakini tatizo lilibaki pale pale, kwa sababu mtu kuelewa jambo si kuliweza. Alijaribu muhula mzima. Akitaka kuacha mkia, mkono unauweka wenyewe. Akisimama pembeni kungoja, anashindwa, anajijibu.

Aliloweza lilikuja bila yeye kulipanga. Mwezi wa kumi alichora ubaoni mtu wa baiskeli, na nia yake ilikuwa picha safi isiyo na kasoro. Mtu amebeba mikungu mitatu ya ndizi, yuko kwenye mlima wa Titye, amekaa kwenye tandiko, anapiga pedali, anatabasamu. Kila spoki ilikuwepo. Akauliza, "Huyu anafanya nini?" na kabla hajamaliza darasa likalipuka. Oya! Oya, mwalimu! Nani amewahi kupanda mlima ule juu ya baiskeli yenye ndizi? Baba zao wote wanasukuma, jasho mpaka viatuni. Mtoto wa karani hakujua. Kitoto kimoja cha kike, ambacho tangu Januari hakijafungua mdomo shuleni, kikatoka kwenye dawati, kikamshika Anania mkono, kikamweka nyuma ya meza. "Hivi," kikasema. "Shika hapa. Sukuma. Sukuma, mwalimu!" Akasukuma meza darasa zima, watoto wakimfuata kwa nyuma wakipiga mayowe, na Mwanaamina anasema alicheka mpaka shati likatoka kwenye suruali.

Hapo sote tukasema tayari, kijana amepatikana. Wiki iliyofuata uhamisho wake ukakubaliwa. Kibondo mjini, shule ya karibu na kwao, hisabati, darasa la saba. Kila alichokitaka.

Mwanaamina hakumwambia abaki. Mimi nilimsihi aseme. "Nimwambie mimi kama nani?" akanijibu. "Akibaki kwa ajili yangu, mwaka mmoja tu atawachukia." Sherehe ya kumuaga dada ilifanyika, wakampa godoro na vitenge, Nkunzimana akahutubia akaishiwa sauti. Anania alikaa mwisho wa safu, hakula vizuri, akaaga mapema akapanda basi la Kibondo.

Wiki za likizo dada alizimalizia dukani kwangu, na Mungu ndiye anajua nilivyovumilia. Alipanga sabuni kwa rangi. Aliwauliza wateja watoto wao wanasoma wapi na kama wanajua kusoma kweli au wanaimba. Hakuchora. Viroba vilirundikana mpaka nikaanza kumbembeleza avichukue, mimi mwenyewe, Firdausi!

Shule zilipofunguliwa Januari, Jumatatu ile ile, alivaa, akakunja viroba vitano, akasema anavipeleka shuleni, vinawafaa. Nikafunga duka. Tulichukua pikipiki mbili mpaka Titye, na vumbi lote alilolitimua yeye nikalila mimi.

Getini akasimama. "Nenda wewe ukatazame."

"Mimi si mwalimu. Twende."

Kutoka chumba cha mwisho, kile chake, zilikuja kelele. Akaniuliza, "Hizo ni kelele za darasa lisilo na mwalimu?" Mimi kelele zote kwangu ni moja. Akasikiliza, shingo ameiinamisha, na nikauona moyo wake ukimpanda usoni. Halafu akaanza kutembea, kisha akatembea haraka, na mimi nyuma yake na viroba.

Anania alikuwa ndani; kumbe uhamisho aliukataa. Shati lilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Ubaoni kulikuwa na kuku mwenye miguu minne, na mwalimu amesimama pembeni, amekunja uso, anajikuna kichwa, huku watoto wapya wa darasa la kwanza, ambao wiki iliyopita walikuwa bado wanachunga mbuzi, wakimrukia kwa sauti zote walizopewa na Mungu.

Mwanaamina akajisahau. Aliingia akaenda kusimama pale pale alipozoea kusimama zaidi ya miaka thelathini, mbele, kati ya ubao na dawati la kwanza, akitabasamu. Alingoja, nadhani, wamwamkie. Lakini hawa hawakuwa wake, hawakuwahi kumwona. Kwao alikuwa mwanamke mzee aliyeingia na ushungi. Msichana mdogo wa dawati la mbele akainama huku, akainama kule, akashindwa kuona, akamvuta khanga.

"Bibi," akasema, "sogea. Unatuziba."

Anania alishtuka, akafungua mdomo kumkanya mtoto. Dada akamzuia kwa mkono: endelea. Akasogea. Akasogea tena mpaka mlangoni, akatoka nje, na huko barazani akashika nguzo akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio ambacho sijakisikia kwake tangu msiba wa baba. Niliweka viroba chini nikamshika. Mimi si mtu wa kulia, waulizeni wateja wangu, lakini nililia naye, kwa sauti, watu wazima wawili, na kwa kelele zilizokuwa mle ndani hakuna mtoto aliyetusikia.